Tinti uliyoikuta kwenye gari la mkononi: nani anawajibika?

Swali: Wiki tatu zilizopita nilinunua gari lililotumika kutoka kwa mtu ambaye biashara yake ni kuuza magari. Vioo vya milango ya mbele vilikuwa na tinti tangu nilipolikuta. Nilimuuliza kabla ya kulipa, akanijibu kwa ujumbe wa simu: "Hiyo ni asilimia 70, ni halali." Juzi trafiki alinisimamisha, akapima mwanga unaopita kwenye kioo, kipimo kikasoma asilimia 52. Nimetozwa faini na kuamriwa niiondoe tinti. Muuzaji anasema niliiona kwa macho yangu nilipolikagua gari, na kwamba mkataba umeandika limeuzwa "kama lilivyo". Gari lilikuwa limepita ukaguzi. Sikuiweka mimi, kwa nini nibebe mimi? Au niliuze tu kwa mwingine niachane na shida hii?

Jibu: Pole, ndugu yangu. Unachouliza ni maswali mawili, na nimeona watu wengi wakipoteza haki yao kwa kuyafanya moja. Lipo la wewe na dola: nani anajibu kwa gari lililokutwa barabarani na vioo visivyoruhusiwa. Na lipo la wewe na muuzaji: nani anabeba hasara ya kuuziwa kitu kisicholingana na maneno yaliyokiuza. La kwanza ni lako, na sitakudanganya kuhusu hilo. La pili, kwa maelezo uliyonipa, lina nguvu kuliko muuzaji wako anavyotaka uamini.

Tuanze na barabara. Sheria za usalama barabarani, karibu kila mahali, haziulizi nani alibandika. Zinauliza nani alikuwa anaendesha, na mara nyingi pia gari ni la nani. Nchi zilizorithi maandishi ya sheria ya Uingereza hutumia maneno yanayofanana: kutumia gari, kusababisha litumike, au kuruhusu litumike. Ndiyo maana anayeazima gari anaweza kuadhibiwa, na aliyeliazimisha naye akaitwa. Kosa la namna hii halihitaji nia. Ni kama tairi lililokwisha kashata au taa ya breki iliyokufa: hata kama liliisha mikononi mwa mtu mwingine, linalokutwa barabarani ni gari lako.

Najua inauma, lakini sababu yake ni ya kweli. Anayevuka barabara humtazama dereva usoni kabla ya kuteremka kutoka pembeni, na mwendesha baiskeli hufanya vivyo hivyo kwenye makutano. Kioo cha mlango wa mbele kikiwa cheusi, ishara hiyo inakatika. Na dereva mwenyewe, saa za magharibi au kwenye mvua, hupoteza sehemu ya mwanga anaouhitaji kumwona mtu aliyevaa nguo nyeusi pembeni. Hatari hiyo haipungui kwa sababu tinti iliwekwa na mmiliki wa zamani.

Kwa hiyo usiende mbele ya hakimu au ofisi ya faini ukitegemea "sikuiweka mimi" kama utetezi. Itumie kama ombi la kupunguziwa, maana hapo ndipo inapokuwa na uzito. Peleka hati ya mauzo yenye tarehe, ujumbe wa muuzaji, na risiti ya kuondoa tinti. Mtu aliyenunua gari wiki tatu zilizopita, akaambiwa ni halali, na akaondoa kasoro ndani ya siku chache, hatazamwi kama aliyelitumia hivyo miaka miwili. Baadhi ya maeneo yana utaratibu rasmi wa jambo hili: kosa huandikwa kuwa la kurekebishika, na ukileta uthibitisho kwamba umerekebisha kabla ya tarehe fulani, shauri hufutwa au adhabu inakuwa ndogo. Soma karatasi uliyopewa neno kwa neno. Kama imeandika siku za kurekebisha, hesabu tangu tarehe iliyo juu yake.

Kinachoweza kupingwa kwa haki ni kipimo chenyewe. Je, kifaa kimehakikiwa karibuni? Kioo kilifutwa kabla ya kupimwa? Kilipimwa kioo gani? Swali hili la mwisho si dogo, kwa sababu masharti hutofautiana kutoka kioo hadi kioo. Uingereza inataka kioo cha mbele cha magari mengi kipitishe angalau asilimia 75 ya mwanga, na vya milango ya mbele asilimia 70, kwa magari yaliyoanza kutumika tangu tarehe 1 Aprili 1985. Vya nyuma havina kikomo. Ufaransa tangu tarehe 1 Januari 2017 inadai asilimia 70 kwa kioo cha mbele na vya milango ya mbele, na faini yake ya kawaida ni euro 135 pamoja na kukatwa pointi 3 za leseni. Marekani kila jimbo lina lake: kwa vioo vya milango ya mbele Texas inaruhusu mwanga unaopita ushuke hadi asilimia 25, Florida 28, wakati California inataka 70. Gari lililo safi kabisa Texas linageuka kosa likisajiliwa California bila mtu yeyote kuligusa. Angalia kikomo cha hapo ulipo, kwa kioo kilichopimwa, kabla hujaamua kupinga. Kama kikomo chako ni 70 na kipimo ni 52, tofauti ya pointi 18 haitafutwa na vumbi.

Suala la ukaguzi nitalimaliza haraka. Cheti kinasema gari lilionekanaje siku ile, kwa mambo yaliyokuwa kwenye orodha ya mkaguzi. Hakiruhusu kosa. Uingereza ni mfano mzuri: ukaguzi wa kila mwaka wa magari haupimi kabisa tinti ya vioo vya milango ya mbele, hivyo gari linaweza kupita asubuhi na kukamatwa mchana, na hakuna aliyekosea kati ya mkaguzi na askari. Kama kwenye ukaguzi wenu tinti hupimwa, cheti kitakusaidia kwa njia nyingine: kinaonyesha kwamba huenda ilibandikwa baada ya ukaguzi, na hilo ni swali la kumuuliza muuzaji.

Sasa hiyo 52, ambayo nadhani ndiyo kiini cha mambo yako yote. Muuzaji alisema 70, kipimo kikasema 52, na inawezekana kabisa kwamba hakukusudia kudanganya. Kioo cha gari, hata kile tunachokiita cheupe, hakipitishi mwanga wote. Vioo vingi vya milango ya mbele vinavyotoka kiwandani hupitisha kati ya asilimia 70 na 80 hivi, kwa sababu kioo chenyewe huwa na rangi hafifu ya kijani au kijivu ya kupunguza joto. Ukibandika juu yake karatasi ya tinti iliyoandikwa 70, namba hizo mbili zinazidishwa. Chukua kioo cha 75: asilimia 70 ya 75 ni 52.5. Ndiyo namba uliyosomewa, karibu sawasawa. Karatasi ilikuwa ya 70 kweli. Kioo pamoja na karatasi ni 52, na sheria hupima vyote viwili pamoja.

Kosa hili linafanyika kila siku, na mafundi wanaojiheshimu hulijua. Mahali ambapo kikomo ni 70, karibu hakuna karatasi yenye giza la kuonekana inayoweza kubandikwa kwenye mlango wa mbele na kubaki halali. California, kwa mfano, inaruhusu karatasi pale tu inapokuwa angavu sana, yenye kupitisha asilimia 88 au zaidi, na kioo na karatasi kwa pamoja visishuke chini ya 70. Mahali pengine karatasi yenyewe iliwahi kukatazwa: mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya India iliamua kwamba viwango vya mwanga vya wakati huo, asilimia 70 kwa kioo cha mbele na cha nyuma na 50 kwa vya pembeni, vilikuwa vya kioo kama kilivyotoka kiwandani, hivyo kubandika karatasi yoyote juu yake kulikuwa kosa hata kipimo kikiwa kizuri.

Kwa nini nayasema haya kwa urefu? Kwa sababu muuzaji atakapokuambia "mimi sikudanganya, karatasi ni ya 70", usikubali mjadala uhamie kwenye moyo wake. Hukuuliza karatasi ni ya ngapi. Uliuliza kuhusu vioo, akakujibu kwamba ni halali. Jibu hilo halikuwa kweli, na wewe ulilipa ukilitegemea. Katika sheria nyingi za mauzo, maelezo ya muuzaji yaliyomfanya mnunuzi akubali ni sehemu ya makubaliano, au ni maelezo potofu yanayompa mnunuzi nafuu, hata kama muuzaji aliyaamini. Kutokuwa na hila kunaweza kupunguza alichonacho cha kujibu. Hakukifuti.

"Uliiona kwa macho yako." Hii ndiyo hoja yake bora, basi tuitendee haki. Sheria za mauzo kwa karne nyingi zimemtaka mnunuzi afungue macho. Kanuni ya madai ya Ufaransa inasema wazi katika kifungu cha 1641 kwamba muuzaji hujibu kwa kasoro zilizofichika, na katika 1642 kwamba hajibu kwa zile zilizo wazi ambazo mnunuzi angeweza kuzitambua mwenyewe. Sheria za mauzo za asili ya Kiingereza nazo humnyima mnunuzi madai ya ubora kwa kasoro ambayo ukaguzi alioufanya ulipaswa kuifichua. Kama ungenunua gari lenye vioo vyeusi kama makaa, usingeuliza chochote, kisha ukaja kulalamika, ningekwambia ukae chini.

Lakini ulichokiona ni giza. Hukuona asilimia. Jicho la binadamu hujizoesha na mwanga uliopo, halisomi namba. Hata askari wako hakutegemea kukadiria, ndiyo maana alipima kwa kifaa. Tofauti kati ya 70 na 52 kwenye kioo cha mlango, mchana wa jua, watu wengi hawaitambui. Na hukuishia kutazama, uliuliza, na mwenye biashara ya magari ambaye anapaswa kujua zaidi yako akakutuliza. Aliyemtuliza mwenzake hawezi baadaye kumlaumu kwa kutulia.

Maneno "kama lilivyo" yana nguvu, ila si ya kila kitu. Kazi yake ni kuondoa ahadi zisizotamkwa: kwamba injini itadumu, kwamba breki hazitadai kazi mwezi ujao. Hayaondoi kirahisi ahadi iliyotamkwa, na kwa kawaida hayamlindi aliyesema jambo lisilo kweli ili kuuza. Hata katika majimbo ya Marekani ambako mauzo ya namna hiyo yanakubalika, muuzaji hubaki na mzigo wa maneno aliyoyasema waziwazi na wa udanganyifu. Kwingine, mfanyabiashara anayemuuzia mtu wa kawaida hawezi kabisa kujivua wajibu wa msingi kwa sentensi moja. Sheria ya haki za walaji ya Uingereza ya mwaka 2015 ni ya aina hiyo, na inampa mnunuzi siku 30 za mwanzo za kukataa bidhaa isiyolingana na maelezo. Katika Umoja wa Ulaya muda wa wajibu wa mfanyabiashara ni miaka 2, ingawa kwa vitu vilivyotumika nchi zinaweza kuruhusu upunguzwe hadi mwaka 1.

Ingekuwa umenunua kwa mtu binafsi anayeuza gari lake, ningekuwa mkali zaidi kwako, kwa sababu ulinzi hapo ni mwembamba: unabaki na maneno yake tu, na bila maneno hayo huna kitu. Wewe unayo, tena yameandikwa. Hifadhi ujumbe huo leo. Piga picha ya skrini inayoonyesha tarehe na namba yake, itume pia mahali pengine nje ya simu yako. Nimeshuhudia madai yenye haki yakifa kwa sababu simu ilianguka kwenye maji.

Sasa mpangilio wa hatua, na hapa kuna mtego. Kila siku unayoliendesha gari hivyo ni kosa jipya, na faini ya pili huwezi kumdai mtu, kwa sababu sasa unajua. Lakini ukikimbilia kubandua leo, unaondoa ushahidi wako. Suluhisho ni kufanya vyote kwa siku moja au mbili. Kabla ya kubandua, piga picha ya kila kioo, na ya ukingo wa juu kioo kikiwa kimeshushwa kidogo, ambapo karatasi huonekana ikiishia milimita chache kabla ya mwisho wa kioo. Omba fundi mwenye kifaa apime na kuandika namba kwa kila mlango, kisha aandike kipimo kingine baada ya kubandua. Namba hizo mbili, ya kabla na ya baada, zinamaliza ubishi wote kuhusu chanzo cha giza. Mjulishe muuzaji kwa maandishi kabla ya kazi kuanza, umpe nafasi fupi ya kuifanya mwenyewe au kuilipia. Akikaa kimya, endelea. Hakuna mahakama itakayokulaumu kwa kutosubiri huku ukivunja sheria.

Angalia pia alama iliyochomwa kwenye kona ya kioo. Kioo kilichoidhinishwa kwa kanuni ya 43 ya Umoja wa Mataifa kikiwa na herufi V ya Kirumi kinapitisha chini ya asilimia 70 tangu kiwandani; kwenye mfumo wa Marekani, AS3 ina maana hiyohiyo. Alama hizo ni za kawaida kwenye milango ya nyuma ya magari makubwa ya familia na hazina tatizo huko. Ukizikuta kwenye mlango wa mbele, mtu alibadilisha kioo kizima, na basi kubandua karatasi hakutakuponya. Gharama yake ni kubwa zaidi na madai yako pia.

Nini udai? Gharama ya kupima na kubandua, na ya kioo kama ni lazima. Usianze kwa kudai urudishiwe fedha zote za gari. Kasoro inayoondoka kwa kazi ya saa chache haiwezi kubeba madai hayo mbele ya watu wengi wenye busara, na ukianza na kikubwa unampa sababu ya kukupuuza. Faini yenyewe ni ngumu. Mahakama huchukia kumruhusu mtu ahamishie adhabu yake kwa mwingine. Hata hivyo mlango haujafungwa kabisa: mwaka 1970 mahakama ya Uingereza ilimruhusu mtu kurudishiwa na wakala wake wa bima faini aliyotozwa kwa kuendesha bila bima, kwa sababu hakujua na hakuwa na hatia ya moyoni, na aliyemweka katika hali ile ni wakala. Hoja yako inafanana na hiyo. Iweke katika madai kama kipengele cha pili, na usiache kipengele cha kwanza kife kwa ajili yake.

Muulize muuzaji pia tinti ilitoka wapi. Sehemu kadhaa hutoa ruhusa ya kitabibu kwa wenye magonjwa ya ngozi au macho yasiyovumilia mwanga, na huenda mmiliki wa kwanza alikuwa nayo. Ruhusa hiyo ni ya mtu, haisafiri na gari. Muuzaji aliyejua kuhusu ruhusa na akakuambia "ni halali" alikuambia nusu ya habari. Kama ni yeye aliyemwagiza fundi aibandike ili gari lipendeze, wajibu wake unakua, na katika baadhi ya nchi fundi aliyebandika kinyume cha sheria naye ana kosa lake mbali na lako. Lakini usimfuate fundi huyo wewe. Mkataba wako ni na muuzaji, na yeye ndiye wa kumgeukia aliye nyuma yake.

Kuhusu bima, jibu ni fupi: ukiondoa tinti huna la kueleza. Ukibaki nayo, hata ile halali ya nyuma, mtajie mwenye bima kama fomu inauliza mabadiliko yaliyofanywa kwenye gari.

Na swali lako la mwisho, la kuliuza kwa mwingine. Nakusihi usilifanye likiwa katika hali hiyo. Leo wewe ni mnunuzi aliyeambiwa jambo lisilo kweli. Ukiliuza hivyo bila kusema, wewe ndiye utakuwa muuzaji, na tofauti na yule wa kwanza hutaweza kusema hukujua, kwa sababu karatasi ya faini yenye jina lako, namba ya gari na kipimo cha 52 ipo kwenye kumbukumbu. Katika nchi kama Uingereza kuuza gari ambalo hali yake hairuhusiwi barabarani kunaweza kuwa kosa la jinai lenyewe, si suala la fidia tu. Bandua kwanza, tunza risiti na vipimo viwili, kisha kama bado hulitaki gari, mpe mnunuzi nakala zake pamoja na kadi ya gari.